UZI: Bunduki fupi iliyotokana na uhaba wa mashine

Fundi Bati (mwanzisha mada)

Mwangaluka wakuu. Najua mtafanya utani wa jina la hii mada. Fanyeni mmalize, tuendelee.

Mimi ni fundi wa bati na kuchomelea hapa Mabatini, Mwanza. Silaha sina na sina mpango wa kuwa nayo. Kinachonivuta ni ufundi. Watu wakisikia Uzi wanawaza walinzi wa marais wenye miwani myeusi. Mimi nawaza shiti ya chuma na mashine ya presi. Kuielewa hii bunduki inabidi uanze na swali la karakana: una vijana wengi, chuma chembamba kipo, mashine za kukereza ni za kuhesabu, na vita viko mlangoni. Unatengeneza nini?

Nitaandika kwa vipande maana mchana nina geti la mteja na umeme wenyewe mnaujua. Picha sitaweka, na namna ya kuunda kitu nyumbani sitaandika. Anayetaka hayo apite hivi. Hapa ni historia na jinsi mtu alivyofikiri.

Bwiru Mjini

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Shusha.

Sangara Mkavu

Ukichelewa kuendelea tutakufuata hukohuko Mabatini.

Fundi Bati

Haya.

Bunduki za aina hii, yaani fupi, zinazofyatua mfululizo na kutumia risasi ya bastola, zilianza mwishoni mwa Vita vya Kwanza. Wajerumani walitoa MP18 mwaka 1918 kwa ajili ya mapigano ya kwenye mahandaki, ambako bunduki ndefu ilikuwa mzigo. Ilitengenezwa vizuri mno, chuma kizima kimechongwa. Wamarekani wakaja na Thompson, nayo nzito, ghali, inang'aa. Kisha Vita vya Pili vikawaka na Uingereza ikajikuta haina silaha za kutosha. Mwaka 1941 wakatoa Sten. Wakuu, Sten ni bomba, springi na vipande vya chuma vilivyochomelewa. Ukiiona picha utasema kijana wa juakali kaiacha kabla hajaisafisha maungio. Lakini zilitoka takriban milioni 4, na zilifanya kazi. Mara nyingi.

Hiyo "mara nyingi" ndiyo shida. Risasi ndani ya magazini ya Sten zimepangwa safu mbili, lakini zikifika mdomoni lazima zibanane ziwe safu moja. Pale kwenye kubanana, vumbi kidogo tu au mdomo ukipinda kidogo, imekwama. Halafu ilikuwa na tabia ya kufyatuka ikidondoka. Bolti, ule mchi wa chuma unaokwenda mbele na nyuma, ni mzito. Bunduki ikitua kwa kitako, bolti inarudi nyuma kwa uzito wake, springi inaurusha mbele, njiani unaokota risasi, na hakuna kidole kilichogusa triga.

Sasa tuhamie Palestina chini ya Waingereza. Wayahudi walikuwa wanajenga jeshi la siri na wanaunda Sten zao kichinichini. Risasi zake je? Kule Rehovot, kati ya 1945 na 1948, walikuwa na kiwanda chini ya ardhi, kinaitwa Taasisi ya Ayalon. Juu kulikuwa na dobi na sehemu ya kuoka mikate. Ngurumo za mashine za kufulia zilimeza kelele za mashine za risasi. Mlango mmoja ulikuwa chini ya mashine kubwa ya kufulia yenyewe, inasogezwa pembeni unashuka. Wafanyakazi walikuwa wanapauka kwa kukosa jua, wenzao wa kijijini wangeshtuka, basi wakawa wanaota taa maalumu ili wafanane na watu wa shambani. Zilitoka pale risasi zaidi ya milioni 2 za milimita 9.

Nimeikazia hadithi hii kwa sababu inaonyesha ni watu wa namna gani waliokuja kutoa Uzi. Walijifunza utengenezaji wa silaha mafichoni, kwa vifaa vya kuokoteza.

Kyaka 79

Kijana wangu, umeandika vizuri. Mimi ni mstaafu, niko Ilemela nafuga kuku. Hilo la Sten kudondoka nalijua kwa baba yangu. Alikuwa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku, akapelekwa Burma. Alisema kwenye lori hukubali kukaa mkabala na mwenye Sten. Barabara mbovu, mtu anasinzia, bunduki inateleza mapajani inagonga sakafu. Alikuwa akisimulia hilo kuliko alivyosimulia Wajapani.

Fundi Bati

Shikamoo mzee. Asante sana, na kaa karibu, nitakuhitaji mbele.

Mwenye Uzi sasa. Alizaliwa Weimar, Ujerumani, mwaka 1923, akaitwa Gotthard Glas. Hitler alipoingia madarakani 1933 kijana akapelekwa Uingereza, na 1936 akafika Kibbutz Yagur, karibu na Haifa. Huko akawa Uziel Gal. Mwaka 1943 Waingereza wakamkamata na silaha bila kibali, akahukumiwa miaka 6. Akatoka 1946 kwa msamaha, hata nusu ya kifungo hajafika. Gerezani alisoma uhandisi wa mitambo. Wapo wanaotoka jela na kadi za karata, huyu alitoka na michoro kichwani.

Baada ya vita vya 1948 jeshi la Israel lilikuwa na silaha za kila ukoo: za Waingereza, za Wajerumani, za Wacheki. Vipuri haviingiliani. Wakataka bunduki fupi moja ya kwao. Michoro iliyofika mbali ni miwili, wa Gal na wa Meja Chaim Kara. Ya Kara haikuwa mbaya, ila ilikuwa na vipande vingi na ilihitaji kazi nyingi ya mashine. Ya Gal ilishinda kwa urahisi wa kuitengeneza na kwa kuvumilia mchanga. Mwaka 1951 ikachaguliwa, na 1954 ikaanza kuwafikia wanajeshi. Gal aliomba isiitwe kwa jina lake. Wakubwa wakakataa.

Mtetezi wa Prague

Fundi usiwadanganye watu. Huyo alinakili Wacheki. Sa vz. 23 ya Czechoslovakia ilikuwa na bolti inayozunguka mtutu na magazini ndani ya mshikio tangu 1948. Na ni Czechoslovakia haohao waliowauzia Israel silaha mwaka huohuo. Jumlisha mwenyewe.

Fundi Bati

Mkuu, ya Wacheki ilitangulia kuingia kiwandani, hilo halina ubishi. Ila ukishika njia hiyo usiishie Prague. Nenda London, kuna Mpolandi anaitwa Jerzy Podsędkowski. Aliwaundia Waingereza bunduki ya majaribio, MCEM-2, ina bolti ya kuzunguka mtutu na magazini ndani ya mshikio, na hiyo ni kabla ya Wacheki. Wazo lilikuwa linaelea hewani. Kuuza silaha fulani 1948 hakuthibitishi kwamba mchoro wa silaha nyingine ulisafiri nazo. Na mimi kama fundi nampima mtu kwa kazi iliyotoka karakana. Ya Mpolandi haikuingia kazini kabisa. Ya Gal imedumu nusu karne jeshini.

Twende kwenye chuma chenyewe, hapa ndipo ninapopapenda.

Jambo la kwanza ni bolti. Kwenye bunduki za zamani bolti inakaa nyuma ya mtutu, imesimama peke yake. Kwa hiyo urefu wa bunduki ni mtutu, jumlisha bolti, jumlisha nafasi ya bolti kurudi nyuma. Gal aliichimba bolti tundu upande wa mbele ili ikija mbele imeze sehemu ya nyuma ya mtutu. Sehemu kubwa ya uzito wa bolti sasa iko kuzunguka mtutu, haiko nyuma yake. Namba zinasema hivi: Sten Mk II ina urefu wa milimita 760 hivi na mtutu wake ni milimita 196 tu. Uzi yenye kitako cha kukunja, ikiwa imekunjwa, ina milimita 470 na mtutu wa milimita 260. Mtutu mrefu zaidi ndani ya bunduki fupi zaidi! Nilipoziweka hizo namba pamoja mara ya kwanza nilizima grainda nikakaa chini.

Na kwa nini bolti iwe nzito? Kwa sababu hii bunduki haina kufuli. Risasi ikilipuka, ganda linasukuma bolti nyuma moja kwa moja, na kinachoizuia isirudi mapema mno ni uzito wake na springi tu. Ndiyo maana ni rahisi kutengeneza: hakuna meno, hakuna mizunguko ya kufunga na kufungua yenye vipimo vya nywele.

La pili, magazini iko ndani ya mshikio. Usiku, risasi zimeisha, mkono mmoja umeshika bunduki, wa pili unautafuta mwenzake. Haupotei. Na kwa kuwa mshikio uko katikati, uzito unakaa kati, haivuti mbele wala nyuma. Halafu mdomo wa magazini unatoa risasi kulia, kushoto, kulia, kushoto, hazibanani kuwa safu moja. Ile kero ya Sten imeondoka hapo.

La tatu ni bodi, na hili ni la kwetu wa Mabatini. Bodi ni shiti ya chuma iliyokunjwa kwa presi. Ubavuni kuna mikunjo mirefu iliyobonyezwa. Nenda kaangalie pipa la mafuta, lile lenye pete mbili tumboni. Bila zile pete pipa lingebonyea ukiliegemea. Mikunjo ya Uzi inafanya hiyo kazi ya kukaza bati jembamba, na ina kazi nyingine: mchanga unaoingia unapata pa kukaa badala ya kusaga kati ya bolti na ukuta. Alama moja ya presi, faida mbili. Fundi anayefikiri hivyo namvulia kofia hata kama biashara yake siipendi.

La nne, usalama. Nyuma ya mshikio kuna kipande cha kubonyea kwa kiganja. Usipokibana, haifyatuki. Mzee Kyaka, baba yako angekaa kwenye lori bila wasiwasi.

Kyaka 79

Angekaa, lakini upande wa dereva.

Mama Dagaa wa Mwaloni

Kaka fundi, hongera kwa elimu. Nina swali la mtu asiyejua kitu. Kwenye taarifa ya habari tunasikia majambazi wamekamatwa na SMG, na picha inaonyesha ile ndefu yenye magazini iliyopinda kama ndizi. Wewe unaeleza kitu kifupi cha mraba. Ni familia moja?

Fundi Bati

Dada swali zuri, wengi wanaona aibu kuliuliza. Si familia moja. Ile iliyopinda ni ya ukoo wa Kalashnikov. Kwetu imezoeleka kuitwa SMG, na inaelekea chanzo ni Wachina: yao ni Type 56, na kwenye orodha ya jeshi lao wenyewe waliiweka kwenye kundi la bunduki fupi za mfululizo, kwa Kiingereza submachine gun, ndiyo SMG. JWTZ ilipata silaha na mafunzo ya Wachina tangu miaka ya 1960, jina likaja na mzigo.

Tofauti ya kweli iko kwenye risasi. Uzi inakula risasi ya bastola ya milimita 9, ganda lake lina urefu wa milimita 19. Inatoka kwa kama mita 400 kwa sekunde. Risasi ya Kalashnikov ina ganda la milimita 39, inatoka kwa mita 715 hivi. Uzito wa kichwa cha risasi unakaribiana, gramu 8 hivi, lakini ukipiga hesabu ya nguvu mdomoni unapata kama jouli 600 kwa Uzi na 2,000 kwa Kalashnikov. Zaidi ya mara tatu. Uzi ni ya chumbani, kwenye ngazi, ndani ya gari. Mita 200 ndio mwisho wa maelezo yake, na hapo ni kwa kusema vizuri.

Bwiru Mjini

Basi AK ndiyo mfalme, funga mada.

Fundi Bati

Haifungwi. Mwaka 1956 kule Sinai, na tena 1967, askari wa miavuli na wa vifaru waliitaka hii fupi kwa sababu ndani ya kifaru hugeuki na bunduki ndefu. Uholanzi waliichukua 1956, Ujerumani Magharibi 1959 wakaiita MP2, na Wabelgiji wa kiwanda cha FN wakaitengeneza kwa leseni.

Ila kuna upande wa hadithi unaouma kwa sisi wa huku. Wareno waliibeba kwenye vita vya makoloni yao. Rhodesia na Afrika Kusini ya makaburu walitengeneza za kwao. Kwa hiyo vijana waliopita kambi ya wapigania uhuru ya Kongwa pale Dodoma, wakarudi kupigania kwao na Kalashnikov za msaada, walikutana na Uzi kutoka upande wa pili. Ninapousifu mkunjo wa bati silisahau hilo. Mchoro ni mzuri, na wateja wake wengine walikuwa watu wa hovyo.

Sangara Mkavu

Na Entebbe? Hapo ng'ambo ya ziwa letu. Nimesikia makomando walishuka na Uzi wakamaliza kazi.

Kyaka 79

Niachie hii fundi.

Israel na Uganda walikuwa marafiki kwanza. Waisraeli walifundisha jeshi la Uganda, na Amin mwenyewe alivaa kifuani mabawa ya miavuli ya Israel. Jengo la zamani la uwanja wa Entebbe lilijengwa na kampuni ya Israel, Solel Boneh. Mwaka 1972 Amin akawafukuza. Ndege ya Air France ilipotekwa Juni 1976 ikatua Entebbe, makomando wakaja usiku wa kuamkia Julai 4 wamevaa kama askari wa Uganda, na gari aina ya Mercedes nyeusi kama la Amin. Sasa fikiri mwenyewe, ukijifanya askari wa Amin utabeba nini? Kikosi kilichovamia jengo kilibeba Kalashnikov kwa wingi. Watu wanapenda kuipa Uzi ile sifa kwa sababu ni ya Israel. Waliookolewa ni 102. Kamanda wa kikosi cha uvamizi, Yonatan Netanyahu, alifia pale.

Nasi tulipovuka Kagera miaka michache baadaye, kilichotusumbua hakikuwa bunduki fupi. Ilikuwa mvua, matope, na daraja la Kyaka kuvunjwa.

Sangara Mkavu

Nimekoma mzee. Shikamoo.

Kapteni Mtumbwi

Wakuu mambo ya historia mazuri, ila mimi nina mitumbwi Ukerewe na wezi wa injini wanatumaliza ziwani. Kitu kifupi hivyo kinakaa chini ya kiti cha mtumbwi. Bei yake ikoje na kinapatikana wapi? Nijibu PM.

Fundi Bati

Kapteni, pole kwa wizi, ila sikujibu PM wala hapa. Silaha ya kufyatua mfululizo si ya raia. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na nchi za Maziwa Makuu zilishasaini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kuzuia hizi za mfululizo mikononi mwa raia. Hata gobole la babu linataka kibali.

Halafu fikiria hali yenyewe. Mtumbwi unayumba, giza, bunduki inatoa risasi 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ya kwanza itampata mwizi labda. Zilizobaki zitatoboa mtumbwi wako na vijana wako.

Mama Dagaa wa Mwaloni

Kapteni nenda kaongee na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, na polisi wa maji. Mwaka jana hapa Mwaloni kuna injini zilirudi kwa sababu mwenyewe alikuwa na namba zake kaandika daftarini. Wengi hamna hata risiti.

Kapteni Mtumbwi

Risiti niliiweka kwenye injini.

Bwiru Mjini

Duh.

Fundi Bati

Nimecheka mpaka mteja kauliza kuna nini.

Namalizia udhaifu wake maana nimesifu sana. Uzi ina kilo 3.5 bila risasi. Kwa risasi ya bastola huo ni uzito wa kutosha kukuchosha bega. Pili, inaanza kufyatua bolti ikiwa nyuma. Ukivuta triga, chuma kizito kinaruka mbele kwanza ndipo risasi ilipuke. Ule mruko unatikisa bunduki kabla risasi haijatoka, kwa hiyo ya kwanza inapotea kirahisi. Faida yake ni kwamba chemba, pale risasi inapolipukia, inapoa, kwa sababu ukiacha kufyatua hakuna risasi inayokaa ndani ya chuma cha moto. Ujerumani, Heckler & Koch walitoa MP5 miaka ya 1960, ambayo bolti iko mbele tayari na ina roli za kuichelewesha kurudi nyuma. Ghali kuliko Uzi, vipande vingi, lakini inalenga. Mwaka 1980 makomando wa Uingereza walipovamia ubalozi wa Iran London mbele ya kamera za televisheni wakiwa na MP5, wanunuzi wa polisi dunia nzima wakageuza shingo.

Uzi ilipata siku yake ya kamera pia. Machi 30, 1981, Rais Reagan alipopigwa risasi nje ya hoteli Washington, mlinzi mmoja anaonekana akichomoa Uzi kutoka kwenye mkoba. Ile picha ndiyo iliyozaa miwani myeusi niliyotaja kule juu.

Nyegezi Stendi

Hizo ndogo za kwenye sinema, Mini na Micro, kwa nini zinafyatua haraka kuliko mama yao?

Fundi Bati

Kwa sababu ya njia fupi. Mini ilitoka 1980, kilo 2.7 hivi. Micro ikafuata miaka hiyohiyo ya 1980, kilo 1.5 tu. Ukifupisha bodi, bolti inakwenda safari fupi, na ukiipunguza bodi unaipunguza na bolti uzito. Bolti nyepesi, safari fupi, springi ileile ya hasira: inarudi haraka. Mama anatoa 600 kwa dakika, Mini kama 950, Micro inapita 1,200. Magazini ya risasi 32 kwenye Micro inaisha kwa sekunde moja na nusu hivi. Gal alikuwa amepata mwendo ambao mtu wa kawaida anaweza kuudhibiti. Kwenye Micro wameuza ufupi wakatoa udhibiti, mimi naona ni mchoro mzuri uliokatwa kupita kiasi.

Jeshi la Israel liliiondoa Uzi rasmi mwishoni mwa 2003. Sababu si ubovu. Siku hizi adui anavaa fulana ya kuzuia risasi, na bunduki za risasi kubwa zaidi zimefupishwa kiasi kwamba ile nafasi ya chumbani imechukuliwa. Gal alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, Septemba 2002, huko Philadelphia alikohamia 1976 kwa ajili ya matibabu ya binti yake. Alizikwa Yagur.

Mtetezi wa Prague

Sawa, kwa MCEM-2 umenipata. Sasa utuletee Škorpion ya Wacheki, hapo huna ujanja.

Fundi Bati

Vz. 61 ya Miroslav Rybář, milimita 7.65, kilo 1.3, na ina kifaa ndani ya mshikio cha kupunguza mwendo ili isiwe kama hiyo Micro. Naikubali kuliko unavyodhani. Nitaifungulia mada yake nikimaliza hili geti, mteja ameanza kupiga simu.